Matema au Bahari Yenyewe? Ulinganisho kwa Mwanafunzi Mgeni Mwenye Wikendi Moja

Mgeni akishaizoea baridi ya Mbeya, au akishakata tamaa ya kuizoea, swali lake linalofuata huwa moja: pwani iko mbali kiasi gani? Alipoaga kwao alisema anakwenda kusoma Tanzania, na kichwani mwake Tanzania ilikuwa minazi na majahazi. Amefika, amepewa blanketi mbili, ameonyeshwa Mlima Loleza, ameambiwa karibu.

Mimi ni mtoto wa Buyenzi, Bujumbura, na huu ni mwaka wangu wa tatu hapa. Swali hilo nimeshawajibu Wakenya, Wanyarwanda, Mkongo mmoja wa Lubumbashi na mwenzangu wa chumba anayetoka Mzuzu, Malawi, na kila mmoja nilimpa jibu lake. Naandika ili nisirudie tena.

Kwanza tuelewane maneno. Ukimwambia mtu wa Mbeya unataka kwenda bichi, atakuelekeza Matema, kwenye Ziwa Nyasa, wilayani Kyela. Ukimwambia unataka kwenda pwani, atakuuliza kama una ndugu Dar. Hizo ndizo njia mbili nitakazolinganisha. Zanzibar naiweka kando tangu sasa: boti kutoka Dar ni kama saa mbili juu ya safari yote hiyo, na mtu anayevuka Jumamosi mchana ili arudi Jumapili asubuhi atakuwa ameona bandari tu. Kilwa vilevile, maana iko zaidi ya kilomita 300 kusini mwa Dar. Hizo ni safari za likizo.

Hesabu ya saa

Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800 kwa barabara kuu: Makambako, Mafinga, Iringa, mteremko wa Kitonga, Ruaha Mbuyuni, hifadhi ya Mikumi, Morogoro, Chalinze. Basi zuri kwa siku njema hutumia muda wa saa 12 hadi 14. Siku mbaya haina hesabu. Lori likilala Kitonga, wote mnalala.

Kwa miaka mingi mabasi yalikatazwa kusafiri usiku, kwa hiyo bahari ilikula mchana mzima wa kwenda na mchana mzima wa kurudi. Kwa wikendi ya siku mbili ilikuwa ndoto. Serikali iliporuhusu tena safari za usiku mwaka 2023, wanafunzi tulianza kupiga hesabu upya, na hesabu yenyewe inakwenda hivi. Unatoka Mbeya Ijumaa saa kumi na mbili jioni, unashuka kituo cha Magufuli kule Mbezi Luis Jumamosi kati ya saa moja na saa tatu asubuhi. Unapanda mwendokasi mpaka Kivukoni, unavuka na pantoni, unachukua bajaji. Saa tano uko mchangani Kigamboni. Jumapili unatakiwa kuondoka mapema mchana ili basi la jioni likufikishe Mbeya Jumatatu alfajiri, kabla ya kipindi cha saa mbili. Ukijumlisha, umepata kama saa 12 za mchana ufukweni, na umekaa kwenye siti muda usiopungua saa 26.

Matema hazifiki kilomita 200. Kosta za Kyela unazikuta stendi ya Nane Nane. Ukiondoka Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, ukashuka Kikusya na kutafuta gari la Ipinda na Matema, saa sita au saba mchana umefika. Hapo nimeweka na muda wa konda kusubiri abiria wajae, maana kosta haiondoki kwa saa, inaondoka kwa vichwa. Jumapili utoke kabla ya saa sita. Umepata kama saa 10 za ufukweni.

Mnaona? Kwenye karatasi bahari inashinda kwa saa mbili. Ndivyo nilivyojidanganya mwaka wa kwanza.

Nilivyoiona bahari mara ya kwanza

Sikulala usiku kucha ndani ya basi. Mbele yangu mtoto alikuwa analia tangu Makambako, Kitonga tuliteremka huku nimeshika siti kwa mikono miwili, na Mikumi, ambako wenzangu waliniahidi tembo, ilikuwa giza tupu. Nilifika Kigamboni macho yamevimba. Nikanunua maji ya kunywa, nikatafuta mahali pazuri pa kuweka begi, na pazuri kwangu palikuwa karibu na maji kabisa, mchanga ulioshindiliwa ukalainika kama zulia. Mtu aliyekulia kando ya Tanganyika anajua ziwa lina mawimbi na lina dhoruba, lakini ufuko wa leo ndio ufuko wa kesho. Nikavua kandambili, nikazipanga vizuri, nikalaza kichwa juu ya begi ili nipumzike dakika kumi.

Niliamshwa na baridi miguuni. Maji yalikuwa yamefika magotini mwangu na begi limelowa nusu, pamoja na daftari la maabara nililolibeba kwa nia njema. Kandambili moja ilikuwa inaelea hatua tano kutoka nilipo, ya pili sikuiona tena. Vijana wawili waliokuwa wakicheza mpira walisimama kunitazama, kisha mmoja akaniuliza kwa upole kabisa, "Kaka, wewe ni wa bara, eh?"

Nilikuwa nimelala zaidi ya saa tatu. Ukitoa hizo, ukatoa na saa ya kuanika daftari na nyingine ya kutafuta kandambili za kununua, bahari yangu ya Jumamosi ilibaki saa mbili.

Basi anayetoka kwenye nchi isiyo na bahari alishike hili kabla ya mengine yote: maji ya bahari hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa karibu dakika 50 kuliko jana yake. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, tofauti ya kujaa na kupwa kwenye pwani hii huzidi mita tatu. Ukipanga safari ya siku moja na nusu na ukaangukia kupwa kwa mchana, unaweza kukuta ufuko mpana wa matope na mwani, na maji ya kuogelea yako mbali kule yanang'aa. Wenyeji wanajua saa zake kwa kichwa. Uliza mvuvi au muuza madafu uliyekutana naye, usiulize simu. Ziwani hakuna hesabu hiyo. Matema unaamka saa kumi na mbili na maji yapo palepale ulipoyaacha.

Matema kwa karibu

Uzuri wa Matema unaanza barabarani. Mbeya mjini mko kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500. Unateremka zaidi ya kilomita moja huku umekaa. Uyole umevaa sweta. Tukuyu mvua inanyesha, ndizi na chai pande zote, na dirishani mama anakuuzia parachichi kubwa kuliko kiganja. Ukifika Kikusya umeshavua sweta, umefungua vifungo, na masikio yameziba kama mtu aliyepanda ndege. Siku hizi kipande cha kutoka Kikusya kupitia Ipinda mpaka Matema kina lami, kwa hiyo zile hadithi za kusukuma gari kwenye tope mtakazosikia kwa kaka zetu waliomaliza zamani zichukueni kama hadithi.

Ufuko wenyewe uko kwenye pembe ya juu kabisa ya ziwa, na Milima ya Livingstone inasimama juu yake ghafla, kama ukuta ulioegemea maji. Sijawahi kuona bahari yenye mlima wa namna hiyo nyuma yake. Mchanga ni mweusimweusi kidogo sehemu fulani, kwa hiyo picha haitafanana na za Zanzibar. Anayesafiri kwa ajili ya picha nyeupe asije kunilaumu. Maji ni matamu na maangavu, unasimama yakiwa kifuani na unaziona kucha zako. Nyumba za wageni zipo za kutosha, zikiwamo za kanisa la Kilutheri ambazo ni safi, tulivu, na usiku hakuna muziki wa kukukesha.

Jumamosi ndiyo siku yake. Kijiji cha Lyulilo, mwendo mfupi wa miguu kufuata ufuko, kina soko la vyungu vya Wakisi. Wanawake wa Ikombe, ng'ambo ya kona ya mlima, wanaufinyanga udongo kwa mkono bila gurudumu, wanasugua chungu kwa udongo mwekundu na kukichora nakshi nyeupe shingoni, kisha vinakuja sokoni kwa mitumbwi vikiwa vimepangwa ndani kwa ndani na majani katikati. Niliketi kumtazama mama mmoja akivijaribu: anagonga ubavu kwa kidole kilichokunjwa, anasikiliza. Kikilia kama kengele kinakwenda upande wa kuuzwa. Kikilia butu anakisukuma nyuma yake bila kusema neno. Nilinunua kilicholia vizuri. Wakati wa kurudi konda aliniuliza kama chungu kinalipa siti au kinapakatwa, nikakipakata mpaka Nane Nane, nimekikumbatia kama mtoto wa mtu.

Chakula nacho kina lake. Mbeya na kitimoto ni ndugu, na mimi Mwislamu wa Buyenzi nimeshazoea kuuliza jikoni kabla ya kuagiza. Matema sikuuliza kitu: mbasa wa kuchoma na wali wa Kyela, ule unaonukia kabla sahani haijatua. Pwani ndiyo kabisa, huna wasiwasi hata kidogo, na pweza wa jioni au mihogo ya Coco Beach yenye pilipili ni vitu ambavyo Nyasa haiwezi kukupa. Lakini nikiambiwa nichague sahani moja, ni mbasa.

Sasa mabaya yake. Katikati ya mwaka upepo wa kusini unapanda ziwa kwa urefu wake wote, na ziwa lina zaidi ya kilomita 500, kwa hiyo mawimbi yakifika Matema yamekwisha kupata nguvu. Siku hizo hata wavuvi hawatoki, wewe usijifanye. Machi na Aprili mvua ya Kyela haina mzaha. Usiogelee karibu na midomo ya mito, kuna mamba. Kichocho kipo kwenye baadhi ya fukwe za Ziwa Nyasa, hasa penye majani na maji yaliyotulia. Oga kwenye mchanga ulio wazi, na wiki kadhaa baadaye kapime. Ukiona moshi mweusi umesimama katikati ya ziwa, ukadhani ng'ambo kunaungua, hao ni kungu, wadudu wadogo wanaopanda kwa mamilioni. Wakija upande wako, funga mdomo.

Bahari: Kigamboni au Bagamoyo

Waliokwisha kuamua bahari huniuliza sehemu gani, na wengi wanakuwa wamekwisha kuambiwa Kigamboni kwa sababu ni karibu na mjini. Kigamboni ni sawa. Mbudya pia ni nzuri, kisiwa chenye maji meupe na samaki wanaokaangwa mbele yako, ila boti inatokea Kunduchi na kuna kiingilio cha hifadhi ambacho kwa mgeni kinakuwa kikubwa. Kwa mtu mwenye siku moja na nusu, foleni ya Dar ndiyo adui, na ndiyo sababu mimi mara ya pili niliikwepa Dar yote.

Njia ni hii, na wanafunzi wengi hawaijui. Usikate tiketi ya kufika Mbezi. Shuka Chalinze, panda gari linaloelekea kaskazini mpaka Msata, na hapo chukua la Bagamoyo. Kutoka Msata ni kilomita 64 za lami. Hukuona Kibaha, hukuona Mbezi, hukusukumana na mtu. Ubaya wake ni kwamba basi la usiku linaweza kukutupa Chalinze saa tisa za alfajiri, saa ambayo mgeni mwenye begi hapaswi kusimama barabarani. Afadhali uchague basi linaloondoka Mbeya usiku zaidi ili ufike Chalinze kumekucha.

Bagamoyo ufuko wake kwa kuogelea si wa kwanza. Maji yakipwa yanakwenda mbali, na sehemu ya mjini ni ya wavuvi, madau na mnada wa samaki. Kwa macho ya mtalii Kigamboni inaishinda. Lakini kuna kitu ambacho sisi tunaotoka kandokando ya Maziwa Makuu hatukipati Kigamboni. Misafara ya karne ya 19 iliyokwenda Tabora na Ujiji ilianzia na kuishia hapa. Watu waliofika Ujiji na kuvuka kuja pande zetu walikuja na maneno waliyoyabeba kutoka huku, na Kiswahili kinachozungumzwa Buyenzi mpaka leo, kwenye uchochoro niliozaliwa, kilipita barabara hiyo kwa miguu. Nilisimama Kaole kwenye magofu ya msikiti wa karne ya 13, nikasikia mzee mmoja akimwita mjukuu wake kwa neno ambalo nilidhani ni la bibi yangu peke yake. Nikamwambia, "Shikamoo babu, hilo neno na sisi tunalo." Akaniuliza sisi ni nani. Nilipomwambia Burundi, akacheka: "Basi umerudi."

Kuna pia misheni ya Wakatoliki iliyoanza mwaka 1868, na mnara wa kanisa ambako mwili wa Livingstone ulilazwa usiku mmoja mwaka 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Nusu siku inatosha. Mji ni wa Waislamu wengi. Nguo za kuogelea ziishie ufukweni, ukiingia mitaani jisitiri. Kwa kina dada nasisitiza zaidi, kwa sababu wanaoangaliwa ni wao, ingawa na wavulana wanaotembea kifua wazi sokoni wanatia aibu.

Ukiwa unasoma Iringa

Hapa ushauri unageuka kabisa. Kutoka Iringa hadi Dar ni kama kilomita 500. Kutoka Iringa hadi Matema, ukipita Makambako na kukata kona Uyole, nako kunakaribia hizohizo. Sasa kwa nini mwanafunzi wa Mkwawa au wa Chuo Kikuu cha Iringa apande kosta tatu kwenda ziwani, wakati kwa umbali uleule anafika baharini kwa basi moja?

Tena ana njia nyingine ambayo sisi wa Mbeya tunaionea wivu. Reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro Juni 2024, kwa nauli ya daraja la kawaida ya shilingi 13,000. Rafiki yangu wa Eldoret anayesoma Iringa hupanda basi la alfajiri mpaka Morogoro, anaingia kwenye treni, na chini ya saa mbili yuko Dar bila kuigusa foleni ya Kibaha. Tahadhari yake ni mbili. Stesheni ya Morogoro iko nje ya mji, kwa hiyo weka muda wa bodaboda. Na tiketi inataka jina na namba ya kitambulisho. Mgeni akate kwa namba ya pasi yake, na pasi hiyo awe nayo mkononi. Basi likichelewa Ilula kwenye nyanya na vitunguu, treni haikusubiri, kwa hiyo usikate ya saa iliyobana.

Wa Iringa naye Kitonga ataipita mchana, na huo ni mteremko wa kutazama: barabara inajikunja ukingoni mwa mlima, chini yake msitu, na malori yanapanda polepole kama vinyonga. Mbele yake ni mibuyu ya Ruaha Mbuyuni, kisha kilomita kama 50 za ndani ya hifadhi ya Mikumi, dereva amelazimishwa kwenda taratibu. Kaa dirishani. Twiga wanaonekana bure.

Kuhusu TAZARA: wageni huipenda kwa kuisikia, reli ya kilomita 1,860 iliyojengwa na Wachina miaka ya sabini, inayopita porini. Kama una wiki, panda. Mwenye kipindi Jumatatu asiiguse. Ndege kutoka Songwe inamaliza safari kwa muda wa saa moja na kitu, na kama mzazi wako ndiye anayelipa, hukuwa na haja ya kusoma mpaka hapa.

Fedha, karatasi na mbu

Sitaandika nauli za mabasi kwa sababu zinapanda na kushuka, ila uwiano wake haujabadilika tangu nifike: pesa ya basi la kwenda Dar tu, kwenda bila kurudi, inakupeleka Matema na kukurudisha, na samaki wa jioni anabaki humo. Kwa bahari ongeza na malazi, kwa sababu usiku wa Jumamosi lazima ulale mahali, na nyumba ya wageni nzuri iliyo karibu na ufuko wa Dar inamtambua mgeni kwa mbali. Kama una ndugu au rafiki wa kukupokea Dar, mlinganisho huu unabadilika sana. Mtu wa Mbeya alikuwa na maana yake alipokuuliza.

Matema toa pesa kabla hujafika. Tukuyu au Kyela mjini wakala ni wengi, ufukweni wanaweza kukuambia hawana salio. Pasi ya kusafiria na nakala ya kibali cha ukaazi vibebe kote, lakini barabara ya Kyela ndiyo usithubutu kuisafiri bila hivyo, kwa maana inaelekea Kasumulu, mpakani na Malawi. Mimi nimeombwa pasi mara mbili kwenye njia hiyo. Mwenzangu wa Mzuzu ameombwa kila safari, na siku aliyoisahau chumbani alishushwa kwenye kosta akajieleza mpaka wa nyumbani walipomtumia picha ya pasi hiyo kwa simu.

Mbu wapo kote kuwili. Sisi wa Mbeya tunaishi kwenye baridi tukajisahau, tunalala bila chandarua, kisha tunashuka Kyela au pwani kwa usiku mmoja na kurudi na malaria ambayo tunaiita uchovu wa safari. Lala ndani ya chandarua, na ukipata homa wiki mbili baadaye mwambie daktari ulikokwenda.

Nani aende wapi

Mkongo wa Lubumbashi, ambaye kwao hakuna ziwa wala bahari ya karibu, nilimpeleka Matema wikendi ya kawaida na hakuuliza tena habari za Dar mpaka likizo. Mnyarwanda mmoja aliyelelewa Gisenyi, kando ya Kivu, alitazama Matema akasema panafanana na kwao, tena kwa sauti ya mtu aliyekumbuka nyumbani. Kwake ilikuwa dawa. Mwenzangu wa Mzuzu ndiye aliyekataa katakata. "Nisafiri siku nzima kwenda kuliangalia ziwa letu kwa upande wa nyuma?" Yeye analiita Ziwa Malawi, sisi wengine Nyasa, na chumbani tumekubaliana kusema ziwa tu ili tulale kwa amani. Huyo lazima apelekwe baharini, lakini nimemzuia asiende wikendi ya siku mbili. Ngojea sikukuu inayoangukia Ijumaa au Jumatatu. Oktoba 14, Siku ya Nyerere, ikikaa vizuri kwenye kalenda ndiyo bora kuliko zote: kumekauka, upepo umepungua, na mitihani iko mbali. Aprili ina sikukuu nyingi zaidi, Karume tarehe 7 na Muungano tarehe 26, na kwa miaka kadhaa Pasaka, ila ndiyo masika. Utaiona bahari kupitia dirisha la nyumba ya wageni.

Mimi nikiwa na wikendi tupu bila sikukuu naenda Matema, na sijajuta hata mara moja. Nikiwa na siku nne naenda Bagamoyo kwa njia ya Msata. Kigamboni nimeiachia vijana wa mpira.

Mama mwenye nyumba wetu ni Mnyakyusa wa Rungwe, ana miaka sitini na kitu, na bahari hajawahi kuiona. Niliporudi safari ya pili nilimletea maji yake ndani ya chupa, nusu lita, nimeikaza kifuniko isimwagike. "Ugonile, mama," nikamwambia, nikamkabidhi. Akaifungua, akanusa, akachovya kidole, akaramba, akatema nje kwenye maua.

"Na kwa hili," akasema, "ndiyo unakesha kwenye basi?"

Kisha akataka kujua yakipwa huwa yanakwenda wapi. Nilijaribu kumweleza habari za mwezi, akanisikiliza kwa adabu. Chupa hakuitupa. Ameiweka kabatini sebuleni, karibu na chungu cha Lyulilo, na wageni wakija huwaonyesha vyote viwili.